Jumapili Barabara ni Yetu. Na Jumatatu?

 

Mwezi huu ukurasa wa familia ni wa baiskeli. Msicheke. Tunajua wengine mtasema, mafuta ya kupikia yanaisha kabla ya mwezi kwisha, na nyinyi mnatuletea habari za baiskeli? Someni kwanza mpaka mwisho, halafu mtuambie.

Sisi tunaoandika ni wazazi sita wa karitiye moja. Hatuna chama wala cheo. Tulikutana kwa sababu ya jambo lililotokea barabarani.

MTOTO NA LORI

Ile barabara ya lami inayopita chini ya kambi wote mnaijua, pale inapoteremka kabla ya kufika sokoni. Watoto wanapita pale kwenda shule. Akina mama wanapita na mizigo kichwani. Magari yakishika ule mteremko hayana habari na mtu.

Mwaka 2025, mwezi wa 6, kijana wetu wa miaka 12 alikuwa anarudi kutoka kusaga. Unga ameufunga nyuma ya baiskeli ya baba yake. Lori moja lilitaka kupita gari lingine, likamsukuma mpaka ndani ya mtaro. Dereva hakusimama. Unga ulimwagika wote, na watu waliofika kwanza walifikiri mtoto amekufa kwa vile alivyokuwa mweupe uso mzima.

Alipona, Mungu asifiwe. Lakini mguu wa kulia haujanyooka mpaka leo. Anatembea na fimbo, na shuleni anafika wenzake wakiwa wameshaanza somo la pili.

Tuliandika barua tukiomba matuta mawili, yaani dodani, moja juu ya mteremko na nyingine karibu na njia ya shule. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili tukaambiwa iko mezani. Tukangoja. Ndugu wasomaji, nyote mnajua kungoja ni nini, hatuna haja ya kuwafundisha.

Basi katika mkutano wa karitiye, kijana mmoja akasimama akasema:

"Twende wote na makinga yetu, tujaze barabara pale pale. Siku hiyo batatuona."

Vijana wakapiga makofi. Halafu mama mmoja mzee, aliyekaa nyuma karibu na mlango, akauliza kwa sauti ndogo:

"Bajukuu, mulisahau Kiziba?"

Makofi yakakatika.

TULICHOOGOPA

Wanaojua wanajua. Kwa watoto ambao walikuwa wadogo, tunaeleza kwa ufupi. Mwanzoni mwa 2018 msaada wa chakula ulipunguzwa kwa robo moja katika kambi za Rwanda. Tarehe 20 Februari, mamia ya ndugu zetu wa kambi ya Kiziba walishuka kwa miguu mpaka mji wa Karongi, wakakaa karibu na ofisi ya HCR. Tarehe 22 mambo yakaisha kwa risasi. HCR ilisema waliokufa si chini ya 11.

Hatuandiki haya ili kufungua kidonda. Tunaandika kwa sababu mtu asiyejua habari hii hawezi kuelewa kwa nini mzazi mkimbizi akisikia neno "twende wote" moyo unaruka. Sisi tulishakimbia mara moja. Mwenye kadi ya ukimbizi anajiuliza mara mbili kabla ya kusimama mbele ya kundi, na anajiuliza mara tatu kabla ya kumruhusu mtoto wake asimame hapo.

Kwa hiyo siku ile hatukuamua kitu. Tuliahirisha. Wengine walisema ni busara, wengine walisema ni woga. Tunafikiri zote mbili zilikuwemo.

TULICHOONA KIGALI

Mwezi wa 9 wa mwaka huo huo, mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, tarehe 21 mpaka 28, mara ya kwanza kabisa kufika Afrika. Wengi wenu mliyaangalia pamoja nasi kwenye simu moja, vichwa kumi juu ya kioo kidogo. Mliona wanaume 165 wakianza siku ya mwisho, na 30 tu wakimaliza. Vilima vya Kigali si mchezo! Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda, na kwa upande wa wanawake Magdeleine Vallieres wa Kanada. Wiki nzima shule za mjini zilifungwa na barabara zikaachiwa baiskeli.

Mtoto mwenye fimbo aliangalia yote bila kusema. Mwishoni akauliza, "Kumbe barabara inaweza kufungwa?"

Swali hilo lilitusumbua. Baadaye, mwishoni mwa mwaka, tulipata ruhusa ya kwenda Kigali kumwona ndugu yetu anayeishi Nyamirambo. Mtaa ule tunaupenda kwa sababu ukiingia tu unasikia Kiswahili, hata muuza chapati anakusalimu vizuri. Nyumba yake haiko mbali na kile kilima cha mawe cha Kwa Mutwe, ambacho wale mabingwa walikipanda wakitweta. Akatuambia, "Kesho ni Jumapili bila magari. Twendeni mkaone."

Kama hamjui, jambo hili lilianza Kigali mwezi wa 5 mwaka 2016. Mwanzo ilikuwa Jumapili moja kwa mwezi, na tangu 2018 ni mbili. Asubuhi barabara kadhaa kubwa zinafungwa kwa magari na pikipiki kwa saa chache. Watu wanakimbia, wanatembea, wanapanda baiskeli. Wauguzi wanakaa chini ya mahema wanapima presha na sukari bila malipo. Mmoja wetu alipimwa akaambiwa apunguze chumvi. Hata leo anabishana.

Tulishuka na baiskeli tatu za kuazima, tukapokezana. Ndugu wasomaji, ni vigumu kueleza. Barabara pana yenye njia nne, na wewe uko katikati yake, na hakuna honi. Unasikia minyororo ya baiskeli tu, na viatu, na watoto. Waziri na mfanyakazi wa ndani wanaweza kupita kando kwa kando, na huwezi kumtambua nani ni nani. Hakuna aliyetuuliza kadi. Mmoja wetu, mama wa watoto wanne, alikuwa hajapanda baiskeli tangu alipokuwa msichana kule Masisi. Alipanda, akaanguka, akapanda tena. Alisema ile saa moja alisahau kwamba yeye ni mkimbizi.

Kisha tukamkuta munyonzi mmoja. Abanyonzi ni wale vijana wanaobeba abiria nyuma ya baiskeli, na kiti chake kina mto mzuri wa plastiki wenye maua. Katika miaka ya 2000 mji uliwaondoa katika barabara kuu za Kigali, wakabaki kwenye njia za pembeni na viungani. Sababu iliyotajwa ilikuwa usalama na utaratibu. Kijana huyu alikuwa amesimamisha baiskeli yake katikati kabisa ya lami, anakunywa maji. Tulipomsalimu akacheka akasema:

"Leo mimi ni mwanamichezo. Kesho nikipita hapa hapa na abiria, mimi ni kosa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema habari za mvua. Lakini maneno yake tulirudi nayo kambini.

WENGINE DUNIANI WALIFANYAJE

Mwalimu mmoja kati yetu alitutafutia habari kwenye intaneti, ili tujue kama kuna watu wengine waliowahi kudai njia kwa baiskeli. Kumbe ni wengi.

Uholanzi, nchi tunayoisikia kuwa ya baiskeli, haikuwa hivyo siku zote. Baada ya vita kuu ya pili magari yalijaa. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000, na kati yao zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi wakachoka kuzika. Wakaanzisha kundi ambalo jina lake maana yake ni "acheni kuua watoto". Walifunga mitaa ili watoto wacheze, wakaenda kwa makundi ya baiskeli, wakakaa mahali ambapo ajali zilitokea. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika, serikali ikatangaza Jumapili bila magari, na watu wakaona kwa macho yao barabara inavyokuwa ikiwa tulivu. Serikali ikawa na sababu mbili za kusikia. Polepole njia za baiskeli zikajengwa.

Marekani, mwezi wa 9 mwaka 1992, watu wachache wa mji wa San Francisco walianza kukutana jioni ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi na kurudi nyumbani pamoja kwa baiskeli. Desturi hiyo ikaenea katika mamia ya miji. Hakuna mwenyekiti wala ofisi. Wanasema wao hawazuii magari, kwamba baiskeli nazo ni magari ya barabarani. Wakifika njia panda, mmoja anasimama mbele ya magari mpaka wa mwisho apite, ili kundi lisikatike. Si kwamba siku zote iliisha vizuri. New York, mwezi wa 8 mwaka 2004, polisi walikamata zaidi ya watu 250 kwa usiku mmoja. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mambo haya yana shida Afrika peke yake.

Wengine wanakwenda kimya. Mwaka 2003, Dallas, baada ya mwendesha baiskeli kugongwa na gari akafa, wenzake walipanda baiskeli pamoja bila neno hata moja. Sasa linafanyika mahali pengi kila mwaka, mwezi wa 5, na sharti ni lile lile: mwendo wa pole, midomo imefungwa.

Hata karibu na sisi wapo. Nairobi wanakutana na kuzunguka mji kwa kundi. Dar es Salaam kuna umoja unaoitwa UWABA, Umma wa Wapanda Baiskeli, ambao umekuwa ukiandaa misafara kudai njia salama.

Tuliposoma haya kwa sauti, mzee mmoja aliyekuwa fundi wa chukudu Goma akatikisa kichwa. "Hii si mupya," akasema. Akatukumbusha vijana wanaoteremka kutoka Kibumba na viazi, kabichi na makaa, breki ni kipande cha tairi tu chini ya mguu. Chukudu moja peke yake, gari linaisukuma pembeni. Zikishuka kumi kwa mustari, hata dereva mukubwa anangoja. Hakuna aliyewaambia kwamba hayo ni madai. Walitaka tu kufika sokoni wakiwa hai. Kidole kimoja hakivunji chawa.

TULIVYOAMUA

Mkutano wa pili ulikuwa mrefu. Vijana walitaka twende bila kumwambia mtu. Walisema, "Ukimwomba ruhusa yule unayemlalamikia, hayo si madai tena, ni kwaya." Tuliwasikiliza, kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Tuliona Kigali kwamba barabara inayofunguliwa na mkubwa, mkubwa ndiye anayeifunga tena saa ikifika. Ile Jumapili ni nzuri sana, lakini munyonzi hakupewa Jumatatu.

Yule mama mzee akajibu: "Mimi nataka dodani. Jina la maandamano sina haja nalo."

Na hilo nalo ni kweli. Mtu aliyezika hawezi kuchagua njia kwa kufuata makofi.

Mwishoni tukapata njia ya katikati. Tuliandika barua ya tatu. Safari hii hatukuandika "tunaomba" peke yake. Tuliandika kwamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya umuganda, familia 41 zitasindikiza watoto wao kwa baiskeli kutoka lango la kambi mpaka shuleni, kupitia ile barabara, ili wajifunze kupita salama. Tukaweka majina yote na vidole vya wasiojua kuandika. Hatukuficha sababu: jina la mtoto wetu lilikuwa mstari wa kwanza.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Tulikubaliwa kwa masharti: bila mabango, bila kelele, na polisi mmoja wa barabara atatangulia. Vijana wengine wakanuna. Watatu hawakuja. Tunawaheshimu, na mlango uko wazi.

SIKU YENYEWE

Tulikuwa na baiskeli 17, kiti cha magurudumu kimoja, na chukudu moja ndogo ambayo watoto walichonga wenyewe. Waliobaki walitembea kando. Mtoto wetu alikaa nyuma ya baiskeli ya baba yake, ile ile, imenyooshwa na fundi lakini bado inaimba kila gurudumu likizunguka.

Tulikubaliana jambo moja tu: hakuna kumpita yule mwenye kiti cha magurudumu. Yeye ndiye mwendo wetu. Mwenda pole hajikwai. Kwa hiyo njia ya kilomita mbili tuliifanya kwa dakika 40.

Magari yalijipanga nyuma yetu. Dereva mmoja alipiga honi mpaka ikachoka. Mwingine akatoa kichwa dirishani, akauliza ni arusi ya nani. Msichana mmoja akamjibu, "Si arusi, ni kwenda shule." Dereva akazima injini.

Tulipofika kwenye ule mtaro, baba wa mtoto akashuka. Hatukupanga hivyo. Sisi wote tukashuka, tukasukuma baiskeli kwa mkono mpaka tukapita pale. Hakuna aliyesema neno. Hata polisi aliyekuwa mbele aligeuka akasimama, akatungoja. Ulisikika ule wimbo wa baiskeli ya baba peke yake.

Mtoto alishikilia fimbo yake juu ya mapaja. Tulipofika shuleni tukamuuliza kama aliogopa. Akasema aliogopa pale honi ilipopigwa, halafu akaangalia nyuma, akaona watu ni wengi, akaacha kuogopa.

MPAKA SASA

Hatutaki kuwapa uongo mtamu. Tunapoandika haya dodani hazijawekwa. Siku tano baada ya safari yetu walikuja watu wawili na kamba ya kupimia. Wakapima juu ya mteremko, wakapima karibu na njia ya shule, wakaandika, wakaenda. Kupima si kujenga. Lakini barua mbili za kwanza hazikuleta hata kamba.

Kama ni maandamano au si maandamano, tunawaachia nyinyi mseme. Sisi tunajua kwamba magari yalingoja dakika 40, na kwamba kila aliyengoja aliona uso wa mtoto ambaye dereva mwingine hakusimama kumtazama. Kilichotufurahisha Kigali ni ile Jumapili. Kinachotuhangaisha ni Jumatatu, siku ambayo mtoto anakwenda shule na munyonzi anatafuta chakula. Tutakuwa tumepata kitu siku hiyo ya kawaida ikiwa salama bila polisi mbele na bila sisi kuhesabiana.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu tutakwenda tena, kwa masharti yale yale. Tunakutana langoni baada ya umuganda, saa 6 mchana. Mwenye baiskeli aangalie breki kabla ya kuja, na fundi wetu wa chukudu atasaidia bila malipo kuanzia asubuhi. Watoto chini ya miaka 8 wakae ndani ya mustari, watu wazima upande wa magari. Asiye na baiskeli aje na miguu yake. Na wale vijana watatu, tunawangoja. Mahali penu bado papo.

Maoni yenu yapelekeni kwa mwalimu wa karitiye, hata yale ya kutupinga. Tutayachapa.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.